Jinsi ya kuipima hoteli ya msosi Dodoma kabla hujajuta

Ukifika Dodoma na njaa usikimbilie bango. Saa saba mchana chungulia, kama kwa jirani watu wanagombania viti na hapo mnakaa wewe na nzi, pita hivi. Maji ya kunawa hamna sabuni? Mi naondoka.

Kipimo changu kikubwa ni mlenda, maana hapa ni kwa Wagogo na mlenda ndo kwao, agiza na ugali wa uwele au mtama, chovya tonge vuta juu, ukivutika kama uzi na karanga unaisikia ujue jikoni kuna mtu, ukija majimaji umejitenga huo ni kiporo.

Mbuzi choma ulizia bei ya kilo kwanza, chagua paja mwenyewe, simama hapo hapo kwenye mizani. Nilishawahi kuagiza nimekaa, ikaja sahani ya mifupa, kuuliza naambiwa eti nyama imesinyaa motoni, sasa ndo isinyae mpaka iwe mfupa jamani?

Huduma usiipime kipindi cha bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni mji unafurika, kuchelewa kupo. We angalia tu kama dada anakuja kukwambia "kaka vumilia kidogo", na chenji inarudi bila kuidai.