Kabla hujatia saini: hakimiliki na mkataba wa mwandishi wa kujitegemea

Gazeti, shirika au mchapishaji akikulipa, ukubwa wa malipo haukuambii amenunua nini. Huenda amenunua ruhusa ya kuchapisha makala mara moja. Huenda pia amenunua makala yenyewe na kila kitakachotokana nayo: tafsiri, filamu, kitabu cha sauti. Kwa hiyo, kabla ya kuangalia bei, tafuta kitenzi. Mkataba ukisema mwandishi "anatoa idhini" au "anatoa leseni", kazi bado ni yako. Ukisema "anahamisha" au "anakabidhi haki zote", umeuza.

Wanaofanya kazi Kenya wawe macho zaidi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako huhesabiwa kuwa haki zake zimehamia kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano ya kuzuia au kupunguza uhamisho huo. Wengi huamini kwamba kwa kuwa hawajaajiriwa, haki zinabaki kwao. Sivyo. Mkataba ukikaa kimya, kimya hicho kinamfaa aliyeagiza. Lakini makala uliyoiandika kwa hiari yako ndipo ukatafuta mnunuzi haikuagizwa na mtu, na hapo kifungu cha 33 kinataka maandishi yenye saini yako ndipo uhamisho wa haki au leseni ya kipekee (anayopewa mmoja tu, wengine wote wakizuiwa) ushike. Maneno ya simu hayatoshi. Kwa sababu hiyo hifadhi rasimu zenye tarehe na barua pepe ya kwanza uliyotuma. Ndizo zitakazoonyesha kazi ilikuwapo kabla ya oda.

Tanzania Bara ina sheria yake ya 1999 na Zanzibar ya 2003, kwa hiyo mkataba unaovuka mpaka lazima utaje sheria ya wapi itatumika.

Kwa kazi ya kuagizwa, maneno kama haya yanatosha, na yanaweza kuingia hata kwenye barua pepe ambayo mhariri anaijibu kwa kukubali:

"Mwandishi anampa Mchapishaji idhini ya kuchapisha makala hii kwa Kiswahili, mara moja gazetini na kwenye tovuti yake. Idhini ni ya kipekee kwa siku 90 tangu ichapishwe, kisha si ya kipekee. Hakimiliki na haki zote zisizotajwa zinabaki kwa Mwandishi. Idhini inaanza malipo yote yakishalipwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Wakichapisha bila kulipa, wanakuwa wametumia kazi bila ruhusa, na hilo ni kosa zito kuliko kuchelewesha deni.

Tahadhari na "vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa". Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya The New York Times dhidi ya mwandishi Tasini, iliamua kwamba magazeti hayakuwa na haki ya kuingiza makala za waandishi wa kujitegemea kwenye hifadhidata za kielektroniki bila ruhusa yao. Wachapishaji hawakungoja kesi nyingine: walipanua mikataba. Leo maneno hayo mapana yanaweza kusomwa kuwa yameruhusu hata kufunzia programu za akili unde. Kama hutaki, andika waziwazi kwamba hairuhusiwi.

Malipo "baada ya kuchapishwa" ni mtego wa zamani. Mhariri anaipokea makala, anaiweka kabatini, msimu unapita, nawe huna fedha wala huwezi kuiuza kwingine. Omba malipo ndani ya siku 30 tangu ikubaliwe, ichapishwe isichapishwe, na nusu ya malipo pamoja na haki zote kurudi kwako wakiikataa. Mashirika hupenda kuficha masharti yao nyuma ya LPO (hati ya kuagiza kazi) au kwenye hadidu za rejea; soma huko pia.

Kwa kitabu, swali ni mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, unahesabiwa kwenye nini. Chukua kitabu cha shilingi 1,000, mrabaha asilimia 10, nakala 500. Ukihesabiwa kwenye bei ya jalada unapata 50,000. Ukihesabiwa kwenye mapato ya mchapishaji, na duka limepewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 600 kwa nakala, nawe 60: jumla 30,000. Asilimia ni ileile. Malipo ya awali hukatwa humo, kwa hiyo kama ulishachukua 20,000 unasubiri 10,000 tu. Dai taarifa ya mauzo angalau mara mbili kwa mwaka, na haki ya kukagua hesabu.

Haki za tafsiri, filamu na sauti usizifungie kwa mchapishaji asiyefanya kazi hizo. Na kifungu cha kurudisha haki kisitegemee kitabu "kuisha madukani", maana nakala ya kielektroniki haiishi kamwe. Weka idadi: kwa mfano, mauzo yakiwa chini ya nakala 50 kwa miezi 12, haki zinarudi baada ya taarifa ya maandishi.

Kifungu cha fidia, kinachokutaka ulipe hasara za mchapishaji akidaiwa kwa sababu ya kazi yako, kinaweza kukufilisi. Usikubali kulipa hasara za "dai lolote". Dhamana yako iwe "kwa kadiri ya ufahamu wa mwandishi", kikomo kiwe malipo uliyopokea, na maneno yaliyoongezwa na mhariri yasikuhusu. Jina lako, kwa upande mwingine, halihitaji mjadala mrefu: sheria ya Kenya hairuhusu haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi ihamishwe ungali hai.

Kusajili kazi KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) au COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) hakuanzishi hakimiliki, maana inazaliwa kazi inapoandikwa. Cheti ni ushahidi tu, ingawa mbele ya hakimu ushahidi huo una uzito.

Mchapishaji akigoma kubadilisha mengine yote, ng'ang'ania mawili: muda wa idhini uwe na mwisho, na idhini ianze malipo yote yakishalipwa. Akikataa hata hayo na bado unaihitaji kazi, ichukulie kuwa ni mauzo na upandishe bei.