Namna ya Kupanga Ziara ya Mji Mkongwe, Unguja

Anza na kalenda kabla ya kutafuta chumba. Tamasha la muziki la Sauti za Busara hufanyika Februari, na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ambayo wanaume wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa, huiadhimisha kwa kupigana kwa migomba, huangukia Julai. Siku hizo vyumba hujaa mapema, kwa hiyo weka nafasi miezi kadhaa kabla. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hupunguza bei lakini huvuruga safari za baharini. Ikiwa ziara yako itaangukia mwezi wa Ramadhani, utarajie mikahawa mingi kufungwa mchana, ingawa kwa maoni yangu futari ya huko inafidia usumbufu huo.

Tenga asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa kutembea vichochoroni kwa miguu. Usikose kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, pamoja na Ngome Kongwe. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwaka 2020, hivyo uliza kwanza kama linapokea wageni.

Jioni nenda Forodhani, ambako wachuuzi huuza mishikaki, pweza na juisi ya miwa. Uliza bei kabla ya kuagiza, na uchague banda linalopikia mbele yako. Urojo, yaani supu nzito yenye viazi na bajia, hata hivyo, utafute mitaani, wanakokula wenyeji.