Jinsi ya kutambua bomba la moshi lililobanwa: mwongozo kwa wenye magari wa Goma

Gari linalowaka vizuri asubuhi na kutembea bila shida mjini, lakini likakosa nguvu linapoanza kupanda kutoka Sake kuelekea Masisi, mara nyingi hubadilishiwa pampu ya mafuta au buji, ilhali kasoro iko upande wa kutolea moshi. Silinda isipoweza kutoa gesi zote zilizokwisha kuungua, sehemu ya gesi hizo hubaki ndani na kuchukua nafasi ya hewa mpya, na nguvu hupungua. Tena kizuizi hakiongezeki sambamba na gesi: gesi inayopita ikiongezeka mara 2, shinikizo la kuisukuma huongezeka takriban mara 4. Ndiyo maana bomba lililoziba nusu halisumbui mtu anayetembea polepole, bali humfedhehesha mlimani.

Anza na mambo rahisi. Kagua kichujio cha hewa, kwa maana vumbi la barabara zetu hukijaza upesi na dalili zake hufanana na za bomba lililoziba. Kumbuka pia kwamba Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambapo injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo pwani; gari lililotoka Mombasa likionekana zito kidogo hapa, huo si ugonjwa. Kisha, bomba likiwa limepoa, ingia chini ya gari na ulitazame kwa urefu wake wote, ukitafuta mahali palipobonyezwa na mawe ya lava, na ugonge katalizeri (kisanduku cha kwenye bomba kinachopunguza sumu ya moshi) na silensa (kinachopunguza kelele) kwa ngumi. Kitu kikicheza ndani, sega la katalizeri, yaani kiini chake chenye vijitundu vingi, limevunjika au vigawanyo vya silensa vimeng'oka.

Kipimo cha kwanza ni cha geji ya ombwe, yaani ya kupima jinsi injini inavyonyonya hewa, inayounganishwa kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) ya kuingizia hewa ya injini ya petroli. Vitabu vingi husema injini nzima, ikizunguka bila kukanyagwa, huonyesha milimita 430 hadi 560 za zebaki, lakini takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Hapa Goma ondoa kama 125, la sivyo utaihukumu injini isiyo na kosa. Mwendo wa mshale una maana zaidi kuliko namba yenyewe. Pandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na uishikilie hapo: katika gari zima mshale hushuka mara moja, kisha hurudi karibu na ulipokuwa au juu yake, ilhali katika gari lililobanwa huendelea kushuka polepole.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kufungua sensa ya oksijeni, kipimaji kilichofungwa kwenye bomba la moshi kabla ya katalizeri, na kufunga hapo geji ya shinikizo. Kwa injini ya kawaida ya petroli, shinikizo lisizidi takriban bar 0.1 bila kukanyaga, wala bar 0.2 kwenye mizunguko 2,500. Fanya kazi hii mahali pa wazi, kwa kuwa gesi inayovuja hapo ina monoksidi ya kaboni, na usiruhusu mpira wa geji uguse manifoldi ya kutolea moshi, ambayo huwa na joto kali. Shinikizo likiwa juu, achia bomba nyuma ya katalizeri na upime tena: likishuka, kizuizi kiko kwenye silensa au bomba la nyuma, likibaki vile vile, ni katalizeri au bomba lililo kati yake na geji.

Katalizeri haizibi bila sababu. Buji isiyotoa cheche hupeleka petroli mbichi ndani yake, ikaungulia humo na kuyeyusha sega, na injini inayokula oili huipaka masizi na majivu; ukifunga mpya bila kutibu chanzo hicho, nayo itakufa. Kuitoboa na kuacha ganda tupu, kama baadhi ya gereji wanavyopendekeza, hurudisha nguvu lakini huwarushia wapita njia moshi wenye sumu zaidi. Na kwa kuwa ndani yake mna platini, paladiamu na rodiamu, sioni sababu ya kuiacha ile kuukuu gereji bure.

Ukipeleka bomba kuchomelewa, pima kipenyo cha kipande wanachoweka. Bomba la milimita 50 likiungwa kwa kipande cha milimita 40, hapo njia inabaki asilimia 64 tu, na mabonge ya uchomeleaji yakiingia ndani hupunguza hata hiyo. Bomba pana kupita kiasi nalo halisaidii, maana gesi hupoteza kasi injini ikiwa na mizunguko michache. Fuata kipenyo cha mtengenezaji. Kazi ikiisha, rudia kipimo cha geji kabla ya kulipa.