Kitovu Kilichojisokota: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujifungua

Umetoka kupiga ultrasaundi na karatasi inasema kitovu cha mtoto kimejisokota sana. Kabla hujawapigia simu mashangazi, jua kwanza kwamba kitovu kinatakiwa kijisokote. Ndani yake mna ateri mbili na vena moja, zimefunikwa na ute mzito, na ateri hizo huizunguka vena kutoka kwenye kondo la nyuma hadi kwenye tumbo la mtoto. Mzunguko huo ndio unaokifanya kisikunjike ovyo mtoto anapogeuka au kukilalia. Misokoto huanza kuonekana ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na mara nyingi huelekea kushoto. Chanzo chake bado kinabishaniwa: wengine wanataja kucheza kwa mtoto, wengine mishipa kukua kwa kasi tofauti. Ile imani kwamba ni mama kunyanyua mikono akianika nguo, au kuvuka kamba ya mbuzi, haimo katika ubishi huo.

La kuweka sawa mapema ni namba. Hesabu ya kupima msokoto, iliyotambulishwa mwaka 1994 na mtafiti Strong na wenzake, hufanyika baada ya mtoto kuzaliwa. Kitovu hunyooshwa, mizunguko kamili inahesabiwa, kisha inagawanywa kwa urefu wa kitovu kwa sentimita, bila kusahau kile kipande kilichobaki kwa mtoto. Kitovu cha sm 55 chenye mizunguko 11 kinatoa 0.2, yaani mzunguko mmoja kila sm 5, na wengi wapo karibu na hapo. Kikiwa na mizunguko 3 inakuwa kama 0.05, kimelegea. Kikiwa na 20 inapita 0.36, kimebana. Mipaka inayotumika sana ni 0.1 kwa chini na 0.3 kwa juu. Ultrasaundi, kwa upande wake, huona kipande tu cha kitovu na hupima umbali wa mzunguko mmoja hadi mwingine, kwa hiyo namba zake huwa kubwa zaidi. Ukichukua namba ya ultrasaundi ukailinganisha na hizi nilizotaja, utajitia presha bure.

Tafiti zimehusisha kitovu kilichobana sana na mtoto kutokua vizuri tumboni, kuzaliwa kabla ya wakati na, mara chache, damu kuganda kwenye mishipa au mtoto kufia tumboni. Kilicholegea sana kimehusishwa na mapigo ya moyo kuyumba wakati wa uchungu, mtoto kuzaliwa amechoka, na matatizo ya kromosomu, yaani vibeba urithi ndani ya seli. Kuhusishwa si kusababisha, na watoto wengi wenye vitovu vya namna hiyo huzaliwa wazima. Tena hakuna dawa, mazoezi wala mkao wa kulala unaoweza kukisokotoa kitovu. Atakayekuuzia mafuta ya kukandia tumbo kwa kazi hiyo anakuibia.

Kwa hiyo maandalizi yako yaelekee kwa mtoto mwenyewe. Kubwa kuliko yote ni kucheza kwake. Kuanzia wiki ya 28 au hapo karibu, ujue kawaida yake: anacheza zaidi usiku, au ukishakula? Siku ukihisi amepunguza, lala kwa ubavu, tulia, hesabu. Saa mbili zikipita bila kufika mara 10, nenda hospitali muda huohuo, hata kama ni saa nane usiku. Kama hasikiki kabisa, usihesabu chochote, nenda. Wapo watakaokuambia mtoto hupunguza kucheza siku zikikaribia kwa sababu amejaa tumboni. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, lakini hatakiwi kupunguza. Na ukiwa na kile kifaa cha kusikilizia mapigo nyumbani, kisikubakize kitandani; moyo unaweza kusikika wakati mtoto tayari ana shida.

Kliniki nako, usikubali kuandikiwa kadi na kuondoka. Nesi akishapima tumbo kwa futi kamba, uliza sentimita ngapi. Baada ya wiki ya 20 namba hiyo hukaribiana na idadi ya wiki, na ikiacha kupanda ni sababu ya kupiga ultrasaundi ya ukuaji. Kama ripoti ilitaja msokoto, muulize daktari mambo mawili: mtoto anakua ipasavyo, na je, kuna haja ya kipimo cha dopla kuangalia damu inavyopita? Presha na sukari vipimwe kila vinapotakiwa, kwani mtoto mwenye kitovu chenye shida hahitaji mzigo wa pili.

Panga kujifungulia penye wahudumu wanaosikiliza mapigo ya mtoto wakati wote wa uchungu na penye chumba cha upasuaji, au pawe karibu. Namba ya dereva wa bajaji au taksi anayepokea simu usiku iwepo kwenye simu yako na ya mwenzako.

Chupa ikipasuka na ukaona au ukahisi kitovu kimetangulia ukeni, hiyo ni dharura ya dakika. Usikirudishe ndani, usikishikeshike. Piga magoti, kifua chini, makalio juu, upelekwe hivyohivyo.

Mwisho ni kondo la nyuma. Kama ukoo wenu hulizika, waambie wakunga mapema. Lakini mtoto akizaliwa mdogo kuliko wiki zake, au Mungu akimchukua, omba kondo na kitovu vikaguliwe, na ikiwezekana vipelekwe maabara, kabla havijaondoka. Majibu yaandikwe, na ukishika mimba nyingine uende nayo kliniki hudhurio la kwanza kabisa.