Kabla ya derive, rudia funksheni

Wadogo zangu mnaojiandaa kuingia politekniki (kitivo cha uhandisi) hapa Lubumbashi, msikimbilie kukariri kanuni za derive, yaani kasi ya kubadilika kwa funksheni. Rudieni kwanza funksheni yenyewe, ile kanuni inayopokea namba x na kutoa namba nyingine, hasa ile iliyowekwa ndani ya nyingine, maana hapo ndipo wengi hukwama. Chukua (2x + 1)⁵. Kabla ya kuandika chochote, jiulize: ndani kuna nini? 2x + 1. Nje je? Kipeo cha 5. Ukishatenganisha hivyo, derive yake, 10(2x + 1)⁴, haikusumbui, kwa sababu unaona ile 10 imetoka wapi: 5 ya kipeo mara 2, derive ya 2x + 1 ya ndani. Grafu chora kwa mkono, hata kama umeme wa kuwasha kompyuta upo. Na kumbuka √(x − 3) haipokei x iliyo chini ya 3, kwa namba halisi. Trigonometria ingoje kidogo.