Ngoma nzito kwa maikrofoni mbili

Anayetaka kurekodi ngoma za roki zenye uzito asikimbilie kukodi maikrofoni kumi. Katika wimbo wa mwisho wa albamu ya nne ya bendi ya roki ya Led Zeppelin, iliyotoka mwaka 1971, seti ya ngoma ya mpigaji wake, John Bonham, iliwekwa ukumbini, mwishoni mwa ngazi, katika jumba la Headley Grange, Uingereza, na fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza juu yake maikrofoni mbili za Beyerdynamic M160, kisha sauti ikapitishwa kwenye mtambo wa mwangwi wa Binson Echorec. Hata ngoma ya mguu haikupewa maikrofoni yake. Tafuta basi ukumbi wenye dari ya juu na kuta ngumu, na umsihi mpigaji asiyapige matoazi kwa nguvu, kwa kuwa yakiifunika ngoma hutaweza kuyatenganisha baadaye.