Njoo na ulichokiona: namna ya kutoa taarifa ya mtoto anayeumizwa

Karibu kila anayekuja ofisini kwangu na habari za mtoto wa jirani huanza vilevile: "Afisa, sina uhakika, lakini…" Mimi ni afisa ustawi wa jamii huku Tanzania Bara, na jibu langu ni hilohilo kila siku: uhakika si kazi yako. Kuna mimi, kuna polisi, kuna daktari, na mwisho yupo hakimu. Wewe kazi yako ni kusema.

Na sheria inakutaka useme. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kifungu cha 95 kinampa wajibu mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa: aipeleke kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Soma tena: ushahidi *au* taarifa. Na ni mwanajamii yeyote, si mwalimu na muuguzi tu. Mpangaji wa chumba cha pili yumo, bodaboda anayempeleka mtoto shule yumo, hata shangazi aliyekuja kusalimia siku mbili.

Kifungu hichohicho kinagusa kutelekezwa: mzazi, mlezi au ndugu anayeishi na mtoto, ambaye *ana uwezo* lakini anakataa au anapuuza kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata nafasi ya kucheza. Maneno "ana uwezo" yana uzito. Mama anayelala njaa pamoja na wanawe hajavunja sheria. Huyo anahitaji msaada, na bado inafaa uje uniambie ili tumsaidie. Baba mwenye duka ambaye mtoto wa mke wa kwanza analala jikoni na hajatia mguu shule tangu mwaka uanze, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kabla hujaja, andika. Nyuma ya daftari la mtoto wako panatosha. Watu hupenda kuniletea hukumu: "Yule baba ni katili, anamtesa kila siku." Sina la kufanya na sentensi hiyo. Niletee kitu kama hiki: "Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, nilimsikia mtoto akilia muda mrefu. Jumanne asubuhi nilimwona ana michirizi miwili nyuma ya paja la kushoto, mmoja umechubuka. Nilimuuliza kumetokea nini, akasema: Baba kanipiga na waya. Wiki hii hajaenda shule." Siku, saa, mahali pa jeraha, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Kama mtoto ametumia neno la kitoto kwa kiungo cha mwili, liache hivyohivyo, usilisafishe.

Kuhusu kuzungumza na mtoto, nakuomba sana ujizuie. Muulize swali moja la wazi, "Kumetokea nini?", kisha sikiliza. Usimtajie jina la mtu, usimuulize "Ni mjomba, eti?" Usimwite mbele ya mama zake wadogo wote asimulie upya. Mtoto akihojiwa na kila mtu mzima wa nyumba, siku ya mahakama wakili wa upande wa pili atauliza maneno hayo kafundishwa na nani. Usimwahidi pia kwamba hutamwambia mtu. Mwambie amefanya vizuri kusema, na kwamba utatafuta watu wa kumsaidia.

Sasa uende wapi? Ofisi ya mtendaji wa mtaa au kijiji, au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Wengi huanzia kwa balozi wa nyumba kumi. Si vibaya, ila balozi ni kiongozi wa chama cha siasa, si wa serikali. Akusindikize kwa mtendaji, yasiishie barazani kwake. Ukiogopa kuonekana ukiingia ofisini, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Mtoto akiwa hatarini saa hiyohiyo, nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto.

Ukatili wa kingono hausubiri kesho. Usimwogeshe mtoto, usifue nguo zake. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana zikifungwa mbichi kwenye nailoni huharibika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Polisi watakupa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, lakini mtoto anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza, fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi mnawakuta sehemu moja.

Hapo ndipo wazee wa familia hutokea. Wanakaa, wanataja faini, wanasema jina la ukoo litachafuka, "na hata hivyo nani alishuhudia?" Waambie kubaka mtoto ni jinai, haimalizwi kwa kikao. Na kuhusu shahidi, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la kingono kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Hoja ya "nani alishuhudia" imewanyamazisha akina mama wengi bure.

Ukishaleta taarifa, kwa mambo ya malezi naweza kumwita mzazi tuzungumze na kuamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Akikaidi, jambo linapelekwa mahakamani. Yenye sura ya jinai yanakwenda polisi. Huenda usione gari likifika jioni hiyo, na huenda nisikueleze yote, kwa sababu siri za mtoto si zako wala zangu za kugawa. Ila kabla hujatoka ofisini, andika jina la aliyekupokea na tarehe. Wiki ikipita na mtoto bado analia usiku, rudi. Ukiona unazungushwa, panda hadi ofisi ya ustawi ya halmashauri ukiwa na karatasi yako mkononi, na useme ulimwona nani, lini.